Kadi za Matundu na Dawa ya Ziwa

Kompyuta yetu ilikuwa sindano ya kufumia sweta. Niliinunua mwenyewe sokoni Mbeya, kwa mama mmoja aliyekataa kuniuzia moja, kwa sababu hakuna mtu anayefuma kwa sindano moja. Nikamweleza kwamba mimi sifumi, natafuta dawa ya kansa. Akanitazama, akaniuzia moja, na tangu siku hiyo kila nilipopita pale alinisalimia kwa upole mwingi sana.

Haya nawaandikia ninyi vijana mnaochambua dawa za miti kwa mashine. Mjukuu wangu ni mmoja wenu. Wiki iliyopita alikuja kwangu hapa Soweto, Mbeya, na kompyuta yake, akanionyesha kitu kama shanga zilizoshikana, akakizungusha, akakichomeka kwenye pango la kitu kingine kikubwa. Akasema zile shanga zimetoka kwenye mti, na lile pango liko kwenye seli ya kansa ya titi, na kwamba wao wanapitisha shanga maelfu kwa mchana mmoja kuona zipi zinaingia. Nikamuuliza ni nani aliyewaambia waanze na miti hiyo. Akasema imo kwenye orodha. Nikamuuliza orodha aliiandika nani. Akanywa chai.

Orodha huandikwa na watu. Miaka ya sabini mmoja wa watu hao nilikuwa mimi, na ndiyo maana nina wasiwasi.

Naitwa Tusekile. Kwa Kinyakyusa maana yake ni kwamba tumefurahi. Wanaonifahamu husema sura yangu haikupewa taarifa. Niliajiriwa kupiga chapa katika ofisi ndogo ya mimea ya dawa mjini Mbeya: vyumba viwili, stoo moja, na paa lililovuja upande wa stoo. Kazi ya ofisi ilikuwa kuzunguka kuanzia Mbeya hadi Iringa, kuwauliza waganga wanatumia miti gani kwa magonjwa gani, kisha kupeleka vipande vya magome na mizizi kwenye maabara ng'ambo. Huko walivijaribu juu ya seli za kansa zilizokuzwa ndani ya chupa. Walichokitaka zaidi ni kansa ya ziwa. Siku hizi mnasema titi. Sisi tulisema ziwa, na neno hilo lilinitesa kwa namna mbili nitakazowaeleza.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Msigwa, mtaalamu wa mimea, mtu wa Iringa, aliyezungumza kama vile maneno nayo yalikuwa yanatolewa kwa mgao. Siku ya kwanza alinionyesha rundo la kadi ngumu zenye matundu pembeni, pande zote nne. Akasema, "Kila mti na kadi yake." Kisha akaenda kunawa mikono. Mengine nilijifunza kwa kuangalia.

Ilikuwa hivi. Kila tundu lilikuwa na maana yake. Tundu hili ni gome, lile ni mzizi, hili ni homa, lile ni tumbo, lile pale kwenye kona ni ziwa. Mganga akisema mti wake ni wa homa, unachukua kikoleo kama kile cha kutobolea tiketi za treni, unakata tundu la homa mpaka ukingoni, linabaki pengo. Ukitaka kujua miti yote ya homa, unazipanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano kwenye tundu la homa, unainua na kutikisa. Zenye pengo zinaanguka mezani. Zisizo na pengo zinabaki zikining'inia. Ukitaka miti ya homa inayotumika gome, unachukua zilizoanguka, unapitisha sindano kwenye tundu la gome. Basi. Sindano haikuhitaji umeme, na haikuwahi kuniambia nisubiri. Lakini ilikuwa na tabia moja ambayo nadhani hata mashine zenu zinayo: ilikuwa inaamini kila nilichokata.

Kosa la kwanza lilikuja mapema. Bwana Msigwa alirudi kutoka Kyela na karatasi zake, na kwenye moja aliandika kwa mwandiko wake wa kubania: "Matete. Ziwa. Watu wanayatumia sana." Nikakata tundu la ziwa. Nilipotikisa rundo kwa ajili ya maabara, kadi ya matete ikaanguka pamoja na nyingine, nikaipiga chapa kwenye orodha, na gunia la matete yaliyokatwa vipande likasafiri hadi Ulaya. Baada ya miezi mingi ikaja barua ya heshima. Ilisema matete yetu hayana athari yoyote kwa seli za kansa ya ziwa, na kwamba ndani ya gunia walimkuta konokono akiwa hai.

Bwana Msigwa aliisoma barua, akaniita, akaniuliza matete yanatibuje ziwa. Nikamwonyesha karatasi yake.

"Nilimaanisha ziwa la maji," akasema. "Yanaota ziwani. Wanaezekea nyumba."

Hakunigombeza. Alichukua penseli akaandika kwenye ukuta wa ofisi: ANDIKA SENTENSI NZIMA. Nadhani alijiandikia na yeye.

Mambo mengine alinifundisha njiani, maana baada ya mwaka mmoja alianza kunichukua kwenye gari. Alisema wanawake waganga wanamjibu yeye kama wanavyomjibu karani wa kodi. Alinifundisha kuandika lebo kwa penseli, kwa sababu wino ukipata ukungu wa Mbeya unageuka kuwa mchoro. Alinifundisha kubana matawi kati ya magazeti na kubadilisha magazeti kila siku, la sivyo jani linaoza kabla halijakauka. Magazeti hayo yalikuwa ya zamani, naye alikuwa akiyasoma wakati wa kuyabadilisha, ndiyo maana habari nyingi zilimfikia zikiwa zimechelewa miezi mitatu. Gome usilianike juani, lianike kivulini. Na jambo kubwa kuliko yote: usimtajie mtu ugonjwa. Ukimuuliza kama mti wake unatibu kansa, atasema ndiyo, kwa adabu tu, kwa sababu umetoka mbali. Muulize unatibu nini, kisha nyamaza.

Hivyo ndivyo nilivyomuuliza Bibi Kaduma.

Bibi Kaduma alikuwa mganga wa Kihehe, mama wa makamo kuelekea uzee, aliyekaa milimani nyuma ya Tosamaganga. Tulimkuta akipalilia maharage. Nilimwamkia, "Kamwene," akaitikia bila kusimamisha jembe. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mti wenye gome la rangi ya kutu. Nikamuuliza mti huo unatibu nini. Akasema ziwa. Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Akaongeza kwamba ziwa likivimba, unachemsha gome, mwanamke anakunywa kidogo na anakandwa kwa maji yake. Nikaandika sentensi nzima. Nikarudi garini nikiwa na gunia dogo la gome na nikijiona nimehitimu. Jina la mti silitaji hapa. Mtaona sababu.

Tulituma nusu ya gome, nusu tukaweka stoo, kila kifurushi na uzito wake kwenye daftari. Barua iliporudi, ilikuwa tofauti na ile ya konokono. Gome la Bibi Kaduma lilikuwa limeua seli za kansa ndani ya chupa, kwa wingi, na maabara ilitaka gunia kubwa, haraka. Bwana Msigwa aliikunja barua akasema, "Sawa." Nilimwona anaikunjua tena baadaye, mara mbili.

Mimi sikuikunja. Jumapili ile nilikuwa kwa dada yangu Anyisile, mkubwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi pale pale Mbeya, mwanamke aliyeweza kunyamazisha darasa kwa kuvua miwani. Mezani nikasema, mbele ya mumewe na watoto, kwamba tumepata dawa ya kansa ya ziwa. Nilisema hivyo hivyo: tumepata. Shemeji akanipongeza. Dada akaniongezea ndizi.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema anapita tu. Aliomba kuona stoo, akauliza ile ya ziwa ni ipi, nikamwonyesha kwa fahari, kisha nikaitwa chumba cha mbele kupokea mzigo. Niliporudi alikuwa ameshaaga.

Mwisho wa mwezi nikapima vifurushi vya stoo, na gome la Bibi Kaduma lilikuwa pungufu. Nikawashuku panya. Nikatega mitego mitatu, nikamkamata panya mmoja, ambaye sasa naamini hakuhusika. Mwezi uliofuata Dada alipita tena, na gome likapungua tena. Bado sikuunganisha. Nawaambia haya ili mjue kwamba mtu anaweza kupanga mamia ya kadi kwa sindano, asijue kupanga mambo mawili yaliyo mbele ya pua yake.

Nililitambua kwa harufu. Nilikwenda kwa Dada kumrudishia sufuria, na jikoni kulikuwa na chungu kinachochemka, na harufu ile chungu ya gome la rangi ya kutu ambayo nilikuwa nimeipakia kwa mikono yangu. Nikamuuliza anachemsha nini. Akaufunga mlango wa jikoni kwanza. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka kwenye ziwa lake la kushoto, juu ya nguo. Kulikuwa na kitu kigumu, kama njugu mawe, hakisogei.

Alisema amekuwa nacho tangu kabla ya mvua. Hakimuumi. Amekuwa akinywa gome kikombe asubuhi na kikombe jioni, na anahisi kimepungua. Nilikigusa tena. Sikuwa nimekigusa kabla, kwa hiyo sikuweza kusema kama kimepungua, lakini hakikuwa na dalili ya kitu kinachokusudia kupungua. Nikamwambia twende hospitali. Akasema jirani yake alikwenda hospitali akakatwa na akafa. Nikasema dawa hiyo bado, imejaribiwa kwenye chupa tu.

"Wewe ndiye uliyesema mmepata," akasema.



Asubuhi nilimweleza Bwana Msigwa yote, pamoja na habari ya panya. Nilitegemea kufukuzwa kazi. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Kisha akasema, "Mwenye dawa yupo. Tukamuulize yeye." Gunia kubwa lilikuwa linatakiwa hata hivyo. Dada, aliyekataa hospitali, alikubali kwenda kwa mwenye mti, kwa sababu alitaka kujua kama kikombe ni kimoja au viwili. Aliomba ruhusa shuleni akapanda gari, akakaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na magazeti.

Hatukumkuta. Hatukukuta hata kijiji. Ulikuwa wakati wa watu kuhamishiwa na serikali vijiji vipya karibu na barabara, na kule mlimani zilibaki kuta bila paa, na mti, na maharage yaliyojiotea yenyewe. Kwenye kadi yangu jina la kijiji lilikuwa limeandikwa vizuri kabisa, kwa penseli. Tulikata gome la matawi machache, tukashuka, tukaulizia kijiji kimoja hadi kingine. Kwenye kila kijiji nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, na kila tulipouliza tulionyeshwa Bibi Kaduma ambaye si yeye. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Wa pili alitukaribisha ugali na hakutaka tuondoke. Siku ya pili mchana ndipo tukamkuta wa kwetu, amekaa mlangoni anachambua mboga, mwili umepungua.

Alinikumbuka. Aliuliza habari za mti kabla ya kuuliza habari zetu, nikamwambia upo. Akatikisa kichwa. Kutoka pale hadi kwenye mti ilikuwa safari ya siku nzima kwa miguu, na magoti yake hayakuwa tena ya safari hiyo.

Nilimweleza shida. Akamwingiza Dada ndani, mimi nikafuata. Alimpapasa taratibu, akaangalia kwapani pia, jambo ambalo sikulitegemea. Aliuliza kama ananyonyesha. Dada akasema mtoto wake wa mwisho yuko darasa la nne. Kama linauma. Haliumi. Kama lina joto. Halina. Kama alipata homa. Hakupata. Bibi Kaduma akamfunga vifungo vya blauzi mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtu anayemvalisha mtoto.

"Hili si la kwangu," akasema.

Akaeleza. Dawa yake ni ya mama anayenyonyesha, ziwa likivimba, likawa jekundu, likawa na joto, maziwa yakakataa kutoka. Hilo analitibu tangu ujana wake. Lakini hili gumu, lisilouma, lilimpata mama yake mdogo, na yeye Bibi Kaduma akalitibu kwa gome lile lile miezi na miezi, kwa sababu alikuwa kijana na alikuwa na uhakika. Alimzika. Tangu hapo akija mwanamke mwenye gumu lisilouma, hampi chochote, anamfukuza aende hospitali.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia haya siku ile.

"Uliniuliza dawa yangu inatibu nini," akasema. "Hukuniuliza haitibu nini."

Kisha akamgeukia Dada. Alimwambia, "Nenda wakakate, mwanangu. Usiende kesho. Na usinywe tena gome langu, linaharibu tumbo." Dada, ambaye hakuwahi kumtii mtu tangu alipoanza ualimu, akasema, "Ndiyo, mama."

Bwana Msigwa alituendesha hadi hospitali ya misheni mchana ule ule. Ni siku pekee niliyomwona akipita gari lingine barabarani. Daktari alimpima Dada akasema tumefika, hakusema tumewahi. Alimkata ziwa siku tatu baadaye. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje na Bwana Msigwa, aliyekuwa amechukua magazeti ya kubania mimea ili apate cha kusoma, na aliyasoma yote, hata matangazo ya vifo. Mara moja tu alisema kitu. Alisema mkewe alifariki kwa ugonjwa huo, kabla sijaajiriwa. Nilifanya naye kazi miaka kadhaa baada ya hapo na hakulitaja tena, na sikumuuliza.

Dada alipona. Alirudi kufundisha, akajishonea kifuko cha kujazia sidiria, akakijaza mchele wa Usangu. Alikuja ofisini kukipima kwenye mizani yetu, kwa sababu, alisema, kazi ikifanywa ifanywe kwa vipimo. Alistaafu, akacheza na wajukuu, akafa mzee kwa moyo. Kila mwalimu wa kike aliyefundisha naye aliwahi kufungiwa ndani ya ofisi ya walimu na kuamriwa ajipapase.

Na gunia kubwa lilikwenda ng'ambo. Jibu lilisema gome limeua seli za kansa, kisha likajaribiwa kwa panya, likaua na panya. Wakashukuru. Ndiyo maana jina la mti silitaji: yupo mtu atakayesoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na kuwasha moto jikoni. Mtu wa namna hiyo niliwahi kula ndizi zake za Jumapili, naye alikuwa dada yangu.

Kwenye kadi kulibaki tundu moja lisilo na kazi, chini kulia. Nilimwomba Bwana Msigwa tulipe maana: mganga mwenyewe anasema dawa yake haiwezi uvimbe mgumu usiouma. Akasema, "Sawa." Maana yake ilikuwa kwamba turudi kwa waganga wote na kuwauliza upya, na tulirudi, kijiji kwa kijiji kipya, kazi ya zaidi ya mwaka. Wengine walikasirika. Wengi walikaa chini na kuongea kwa saa nzima, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwauliza habari za wagonjwa wao waliokufa. Na nilipopitisha sindano kwenye tundu la ziwa, kisha kwenye tundu lile jipya, karibu rundo lote lililoanguka mara ya kwanza likaanguka na mara ya pili. Karibu miti yote ilikuwa ya ziwa lililovimba la mama anayenyonyesha. Tulikuwa tumewapelekea wazungu dawa za jipu kwa miaka.

Mjukuu wangu, mashine yake ikimwambia shanga zimeingia kwenye pango, najua atafurahi, na afurahi. Namwomba tu atafute yule aliyeusema mti kwanza, kama yu hai, na amuulize swali la pili.

Mvua zilizofuata, mimi na Dada tulikwenda kumshukuru Bibi Kaduma. Nilikuwa nimeotesha mbegu za mti wake, nilizookota tulipopanda tena mlimani kujaza gunia kubwa, kwenye makopo nyuma ya ofisi, maana nilimwona siku ile anavyouulizia. Nilimpelekea miche mitatu. Alivaa khanga safi, akaleta jembe mwenyewe, akachimba mashimo nyuma ya ile nyumba ya mstarini, na Dada akawa anashika miche kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa bado haunyanyuki vizuri. Wa kwanza Bibi Kaduma aliunusa, akaupanda. Wa pili akaunusa, akaupanda. Wa tatu aliushika muda mrefu, akauchuma jani, akalitafuna, akalitema.

Akanirudishia kopo. Akaniambia huu sio, mbegu yake niliiokota chini ya mti mwingine wa jirani.